Diski ya TB 2 ina nafasi tele lakini inakataa faili la GB 11. Nifomati kwa mfumo gani?

Swali
Habari za jioni wakuu. Nina diski ya nje ya TB 2, ile ya kuzunguka, si SSD. Iliyotumika ni GB 600 tu. Nikinakili video ya harusi ya GB 11 kutoka Windows 10 inagoma na kuandika "The file is too large for the destination file system". Mafaili ya GB 2 au 3 yanaingia vizuri. Nataka isomeke kwenye Windows ya studio, MacBook ya mhariri na televisheni za wateja. Nikibofya Format napewa NTFS na exFAT. Nichukue ipi?

Jibu 1
Mkuu, diski yako ni nzima, haina ubovu. Iko kwenye FAT32, na mfumo huo wa kupanga mafaili huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32, kwa hiyo mwisho wake ni baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 kasoro baiti moja. Faili likizidi hapo haliingii hata diski ikiwa tupu kabisa. Hakikisha: This PC, bofya kulia kwenye diski, Properties, soma mstari wa File system. Dirisha la Format la Windows 10 halitoi FAT32 kwa diski inayozidi GB 32, kwa hiyo huenda yako ilifomatiwa kwenye Mac kama MS-DOS (FAT).

Chukua exFAT. Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandika bila kuongeza programu. NTFS, Mac inaisoma tu; mhariri ataona video lakini hatahifadhi chochote humo.

Kwanza hamisha hizo GB 600. Kwa USB 3, ikienda MB 100 kwa sekunde, ni kama saa moja na dakika 40. Kwa tundu la USB 2 tenga karibu saa tano. Ukimaliza usiridhike kuona majina ya mafaili: fungua video chache, ruka katikati na mwishoni, ndipo ufomati.

Jibu 2
Naongezea jambo moja linalosumbua sana. Diski iliyopitia Mac inaweza kuwa na jedwali la GPT (orodha mwanzoni mwa diski inayoonyesha imegawanywaje), na baadhi ya televisheni hazioni GPT hata mfumo wa faili ukiwa sahihi. Kwa TB 2 unaweza kutumia MBR, jedwali la zamani, bila kupoteza nafasi. Chomoa diski nyingine zote za nje, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, kisha:

diskpart
list disk
select disk 1
detail disk
clean
convert mbr
create partition primary
format fs=exfat label=HARUSI quick
assign

Hiyo 1 ni mfano. Kwenye list disk yako itaonekana kama 1863 GB, na detail disk itakuonyesha jina lake. Soma vyote viwili kabla ya clean, kwa sababu clean inafuta diski yote na haiulizi mara mbili. Ukiondoa neno quick itapita sekta zote, saa tano hivi. Kwa diski iliyotumika muda mrefu inafaa kusubiri.

Televisheni ya zamani isiyojua exFAT, mpe mteja fleshi ya FAT32 yenye video iliyokatwa vipande vya chini ya GB 4.

Muuliza swali
Asanteni sana. Humo kuna pia mafaili madogo madogo ya miradi, kama laki moja. Mhariri anasema exFAT inakula nafasi. Ni kweli?

Jibu 3
Ni kweli, ndugu yangu. Diski ikizidi GB 32, Windows huipa exFAT klasta (vipande vidogo kabisa vya kugawia nafasi) za KB 128, na faili la KB 2 linashika klasta nzima. Mafaili laki moja ya namna hiyo ni MB 200 za data, lakini yatakalia GB 13 hivi. Ukiandika format fs=exfat unit=32K label=HARUSI quick yanashuka hadi GB 3.3. Mimi ningeyafunga kwenye zip kwa kila mradi. Hata kunakili kunakuwa haraka zaidi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni umeme. NTFS huandika kwanza kwenye daftari lake mabadiliko inayotaka kufanya, hivyo umeme ukikatika inajua pa kuanzia kurekebisha. exFAT haina daftari hilo. Waya ukichomoka katikati ya kunakili, folda nzima inaweza kupotea. Kwa hiyo exFAT iwe ya kubebea, na nakala ya pili ikae studio kwenye diski ya NTFS. Eject kila mara, na subiri taa iache kumweka.

Siku ikikuletea "You need to format the disk", bonyeza Cancel. Badilisha waya na tundu. Ikibaki vilevile, angalia CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski: Current Pending Sector (C5), yaani sekta zilizoshindwa kusomeka, ikiwa si sifuri, usiendeshe chkdsk (amri ya Windows ya kurekebisha mfumo wa faili), okoa data kwanza kwa TestDisk au PhotoRec, programu za kurejesha mafaili, ukiihifadhi kwenye diski nyingine. C5 ikiwa sifuri na File system bado inaonyesha exFAT, endesha chkdsk E: /f ukiweka herufi ya diski yako.