Ada ya taka mnakusanya kila mwezi, gari la taka liko wapi?

Wakuu, tumechoka. Ada ya taka haikosi mwezi: mkusanyaji anapita na mashine yake, risiti inatoka, anahamia mlango wa pili. Gari lenyewe halionekani, na ukiuliza jibu ni "gari bovu".

Ubovu gani? Mzabuni ana Canter moja la wazi kwa mitaa chungu nzima. Linaanzia kwenye lami, likifika katikati limejaa, linaelekea dampo Pugu Kinyamwezi. Kwa foleni za Dar safari hiyo inakula siku. Mvua ikinyesha, njia za ndani ya dampo zinakuwa tope na magari yanakwama. Wiki inayofuata linaanzia palepale kwenye lami, kwa hiyo wanaorukwa ni walewale wa mwisho wa njia. Waanzie mwisho wiki moja, lami wiki nyingine! Hilo halihitaji bajeti. Na tripu ya pili iandikwe kwenye mkataba.

Wanaosema tuvumilie wajue hili: kwa joto letu, yai linakuwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Taka zikipita wiki, mtaa unafuga nzi. Kiroba chenye maganda ya ndizi, vichwa vya samaki na pampasi kinavuja, funza wanatoka kwenye mshono wa chini. Kikinyanyuliwa mshono unaachia, na vijana wa gari wanakiacha hapohapo. Ndipo anakuja mwenye guta, anachukua hela yake na kwenda kumwaga mtaroni usiku.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Kumpa mzabuni kazi hakuiondolei manispaa wajibu huo.

Msigome kulipa, sheria ndogo zitawageukia nyinyi. Andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata na mkurugenzi wa manispaa. Ambatisheni risiti na picha zenye tarehe. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, bila huo mtaambiwa barua haikufika. Daini ratiba, namba za magari na kumbukumbu za magari hayo kuingia dampo, kisha mlinganishe na risiti zenu.

Wa mitaa mingine, wekeni hapa siku za ratiba yenu na siku gari lilipokuja kweli.