Gari la chini kwenye barabara zetu: tatizo ni gari au ni tuta?

MWENYE MADA: Jamani tuongee hii kitu. Jana kwenye chai hapa Bombo, Uganda, mzee mmoja amesema magari yote yaliyoshushwa yatolewe barabarani, eti yakifika kwenye tuta yanapanda upandeupande kama kaa na foleni yote nyuma inapiga honi. Mimi ninalo moja, Subaru Impreza, na nakataa. Cha kukamata ni springi iliyokatwa. Mtu anaenda gereji, fundi anachukua grainda anakata mzunguko mmoja na nusu, anarudisha na shoki zilezile zilizochoka, basi gari limekaa chini kwa bei ya soda. Sasa ile springi ni fupi kuliko shoki, gurudumu likining'inia shimoni springi inacheza kwenye kiti chake, ikirudi inaweza kukaa kombo na uko spidi themanini. Hiyo ndiyo hatari, sio urefu wa gari. Mnasemaje?

DEREVA WA KAMUNYE: Niko upande wa mzee. Kila siku napita hiyo njia na kamunye yangu, basi dogo la abiria, nikikuta mmoja wenu kwenye tuta nasubiri kama niko kwenye msafara wa maharusi. Ukitaka gari la chini ssebo nenda kaishi kwenye Expressway ya Entebbe, kilomita 51 za lami safi, ulipe toli utembee kifua mbele.

MWENYE MADA: Haha. Lakini 2023 watu walipoanika mashimo ya Kampala mtandaoni mpaka rais akaagiza KCCA, mamlaka ya jiji, wapewe shilingi bilioni 6, wale waliovunjikiwa rimu hawakuwa na magari ya chini. Shimo halipimi gari kwanza.

FUNDI: Nyote mnaongea urefu. Mimi nikiletewa gari la chini siulizi limeshuka sentimita ngapi, naangalia shoki imebaki na nafasi gani ya kucheza. Chukua ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye fimbo ya shoki, isukume mpaka chini, halafu piga marami yako ya kawaida, yaani barabara ya vumbi unayopita kila siku. Ukirudi ukakuta kamba imesukumwa mpaka kwenye raba ya juu, ujue gari limekuwa likigonga mwisho, na mgongo wako unajua tayari. Hapo unahitaji springi ngumu kidogo au upandishe gari, hakuna dawa ya tatu. Na vijana wakinunua shoki za kurekebisha wanazungusha zote mpaka mwisho wa ugumu, wanaona ndio reising. Kwenye marami yenye mawimbi yale ya kufuatana, shoki ikiwa ngumu wakati wa kurudi gurudumu halijamaliza kushuka linapigwa tena, na tena, gari linazidi kuzama mpaka linakalia raba. Legeza. Afadhali lielee kidogo kuliko liruke, tairi ikiwa hewani breki ni za kazi gani? Halafu kapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, gari likishuka miguu inabadilika pembe, tairi zinaliwa ndani wewe unalaumu Mchina aliyezitengeneza.

DEREVA WA KAMUNYE: Sawa fundi umefundisha, lakini hiyo yote ni faida yake yeye. Foleni yangu kwenye tuta inapungua vipi?

FUNDI: Hapo sina jibu. Ila kamunye yako nayo ikaguliwe, bushi zinalia nakusikia ukiwa bado mbali.

MWENYE MADA: 😂 Nikiri moja, mwezi uliopita nilipasua sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwenye tuta la kifusi ambalo wakazi wamejijengea wenyewe, halina rangi, halina kibao, usiku, oili yote chini. Kesho napandisha sentimita mbili. Lakini lile tuta nalo nani atalishusha? Maana hata ambulansi inapita palepale.

DEREVA WA KAMUNYE: Lile la karibu na shule? Lile liacheni, watoto walikuwa wanagongwa pale.