Viboga vinadondoka vikiwa vichanga, naomba ushauri

Wakuu, habari za asubuhi. Nina kieneo nyuma ya nyumba huku Buswelu, katikati ya mawe kama mnavyoijua Mwanza. Vuli ilipoanza nilipanda mashina sita ya maboga. Samadi ya ng'ombe niliweka nyingi, labda kupita kiasi, maana matawi yametambaa mpaka juu ya ukuta wa jirani. Majani ndiyo usiseme: msusa wa karanga kila siku, dagaa pembeni, mpaka watoto wameanza kununa.

Shida ni maboga yenyewe. Maua yapo, ya kiume na ya kike (yale yenye kiboga kidogo chini yake). Kiboga kikifika ukubwa wa yai kinageuka njano, kinalainika kitakoni, kinadondoka. Nimepasua viwili: kimoja kilikuwa kitupu, kingine kina funza weupe. Sasa sijui ni nzi wa matunda au ni uchavushaji. Nyuki siwaoni sana, na jirani anapulizia nyanya zake dawa asubuhi, muda uleule maua yakiwa wazi.

Waliowahi kuchavusha kwa mkono, mnasugua ua dume kwenye jike saa ngapi? Na kwa hao funza, nikivifunga viboga kwa karatasi mapema inasaidia? Au nimechuma majani mno? Sumu sitaki, majani tunakula. Mama anakuja mwezi ujao kutoka Sengerema na nilishamtambia kwamba atakunywa chai na boga la shambani kwangu.