Mjadala: Tumbawe la Malindi litutoe kwenye vinyungu?

Kinyungu wa Kilolo (mleta mada)

Kamwene wote. Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha kijiji, akaja afisa kutukumbusha Sheria ya Mazingira ya 2004: hakuna kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji. Sawa, sheria ni sheria. Ila bonde letu hapa Kilolo, Iringa, ukivuta kamba mita 60 kila upande, unapanda kilima mpaka mlangoni kwa mjumbe. Kinyungu hakibaki hata kimoja.

(Kwa mliozaliwa mbali na huku: kinyungu ni shamba la bondeni linalolimwa kiangazi udongo ukiwa bado na unyevu. Mahindi ya kuchoma, maharage, njegere, mboga. Ada na sare za Januari zinatoka humo.)

Kilichonileta ni neno alilofungia kikao. Alisema hata wanasayansi wa bahari wamethibitisha kwamba wakulima wa milimani ndio wanaoua bahari, akataja utafiti wa tumbawe la Malindi, pwani ya Kenya. Watu wakaguna tu. Mimi nikautafuta.

Uliongozwa na Dominik Fleitmann, mtaalamu wa hali ya hewa ya kale, ukatoka 2007. Tumbawe, lile jiwe la baharini linalojengwa na viumbe hai wadogo, hukua kwa matabaka ya kila mwaka, kama pete za mti. Walitoboa moja lenye umri wa miaka kama 300, wakapima bariamu, aina ya metali, tabaka kwa tabaka. Bariamu husafiri imeng'ang'ania udongo wa mto. Tope likikutana na maji ya chumvi inabanduka, na tumbawe linaimeza linapojenga mifupa yake. Mwaka wa tope jingi, bariamu nyingi. Kwa hiyo tumbawe la Malindi ni daftari la mto Sabaki, ambao maji yake yanashuka kutoka nyanda za juu za Kenya.

Sasa tusome daftari. Tangu 1700 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, tope halibadiliki sana. Miaka 200 watu wanalima na kufuga, mto umetulia. Hapo ndipo linaanza kupanda, na watafiti wenyewe, kwa miaka ile ya mwanzo, wanalihusisha na namna walowezi wa Kiingereza walivyoitumia ardhi. Kumbe majembe yalikuwepo siku zote! Tumbawe halijasema jembe ni adui.

Msimamo wangu: tope linatoka kwenye mteremko uliovuliwa nguo, siyo kwenye kinyungu kilicho tambarare chini. Ukifunga vinyungu, mtu atapanda kulima juu, na huko ndiko tope litakakotoka. Karibuni mnipinge.

Mpunga wa Mbarali

Nakupinga kaka, na wala sifiki Malindi. Ruaha Mkuu unakatika kila kiangazi ndani ya hifadhi tangu 1993. Viboko wanabanana kwenye vidimbwi. Lawama tunabebeshwa sisi wa mpunga wa Usangu, na wafugaji walioondolewa kwenye kinamasi cha Ihefu 2006 na 2007. Watu wa milimani mko kimya kama hamhusiki. Wewe unajadili tope, sisi tunajadili maji. Kinyungu kinakunywa mwezi wa tisa na wa kumi, wakati mto hauna cha ziada. Hilo tumbawe lako halijapima.

Kinyungu wa Kilolo

Ramani kwanza, ndugu yangu: maji ya Kilolo hayapiti Usangu. Mto wetu Lukosi unaingia Ruaha Mkuu chini ya bwawa la Mtera. Lakini la kunywa maji kiangazi umenipata. Kinyungu changu nachimbia mfereji. Baba hakuwa anachimba, alipanda unyevu ulipoishia naye akaishia hapo.

Korongo la Isimila

Mnatoana jasho bure. Nendeni Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, mtazame zile nguzo za udongo. Zimechongwa na maji na upepo. Zana zilizookotwa pale ni za mawe, hakukuwa na Mhehe mwenye jembe. Na kama ni kuisoma bahari, isomwe yote. 1976 wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton walisoma mashapo ya sakafu ya Bahari ya Hindi, upande wa kusini, wakaona hali ya hewa inapanda na kushuka kwa mizunguko ya miaka kama 100,000, 42,000 na 23,000, kufuata mwendo wa dunia kulizunguka jua. Hata Ziwa Nyasa, lilipotobolewa sakafu 2005, ilionekana limewahi kushuka zaidi ya mita 500. Nani alikuwa na kinyungu? Dunia ina mambo yake, tumwache mkulima.

Dada wa Uyole

Korongo, umesoma ila umechanganya mizani. Mzunguko wa miaka 23,000 hauwezi kueleza kitu kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20 na kuonekana ndani ya umri wa mtu mmoja. Na hiyo Isimila ilichukua muda ambao mimi na wewe hatuwezi hata kuuhesabu. Nikupe korongo langu: nyuma ya shule niliyosoma kulikuwa na kijifereji. Darasa la tatu tulikuwa tunakiruka kwa mguu mmoja. Nilipomaliza la saba tulikuwa tunashuka ndani na kupanda upande wa pili tukishika mizizi. Leo kuna daraja la magogo, na mbuzi wakitumbukia wanatolewa kwa kamba. Hapo juu yake palikuwa na msitu, pakafyekwa, vikapandwa viazi kwa matuta yanayoshuka na mteremko, kwa sababu tuta la kushuka halituamishi maji na kiazi hakiozi. Mimi mwenyewe nimelima hivyo! Kwa hiyo mleta mada nakuunga mkono nusu. Juu ndiko kwenye ugonjwa. Lakini usijifanye bondeni mko wasafi.

Parachichi Tu

Mita 60 za mwenye shamba kubwa zinapimwa na kamba ipi? Nauliza tu.

Mmatengo

Hilo swali la Parachichi lijibiwe, lisipite kama mzaha.

Mimi natoka Mbinga. Kwetu kuna ngoro. Unalaza nyasi kwa mistari inayokatizana kama wavu, unafukia kwa udongo unaouchimba katikati, inabaki mashimo mashimo mlima mzima. Mvua ikinyesha kila shimo linashika maji yake na tope lake. Milima yetu imesimama wima kuliko ya Kilolo, na imelimwa hivyo tangu enzi za babu zetu. Hakuna afisa aliyetufundisha.

Na mkitaka kuagiza watu kwa nguvu, kumbukeni Uluguru 1955. Serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu matuta ya ngazi, wakagoma mpaka fujo zikatokea. Lakini kule Machakos, Kenya, ambako maji yake nayo yanakwenda Sabaki, watu walikuja kuyapenda matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu), wakayachimba wenyewe, maana waliona mahindi yanasimama. Ngazi zote mbili zimechimbwa kwa jembe. Moja iliitwa amri.

Mpunga wa Mbarali

Maneno mazuri. Sasa mleta mada, tuletee ushahidi wa bonde lako, siyo wa Malindi.

Kinyungu wa Kilolo (siku nne baadaye)

Nimerudi. Jumamosi ilinyesha mvua ya nguvu tangu saa nane mchana. Nilitoka na chupa nne za maji, zile za lita moja na nusu, nikachota sehemu nne: kijito kabla hakijafika vinyunguni, mtaro wa barabara, maji yanayoshuka kutoka shamba la mahindi la mlimani, na kijito baada ya kupita kinyungu changu. Nikazipanga dirishani mpaka asubuhi zitulie.

Ya juu ya vinyungu: tope nusu ya upana wa kidole. Ya shamba la mlimani: vidole vitatu, jekundu kama matofali. Mtaro wa barabara nao vidole vitatu na mchanga juu yake, na barabara hailimwi na mtu, hilo afisa hakulisema. Ya chini ya kinyungu changu ilitakiwa kufanana na ya kwanza ili nishinde mjadala. Imetoka kidole kimoja na zaidi.

Nikashuka kuangalia. Baba alikuwa anaacha matete kwenye ukingo wa kijito, upana wa hatua tano sita, tulikuwa tunakata humo fito za banda la kuku. Mimi niliyang'oa ili nipate mistari mitatu ya kabichi. Ukingo umeanza kumeguka, na kabichi nne zimekwenda nao. Kwa hiyo, Dada wa Uyole, nusu yako ya pili naipokea. Matete nayarudisha. Mita 60 bado nazikataa, na kwenye kikao kijacho chupa zote nne zitakuwa mezani, na ya mtaro wa barabara nitamkabidhi afisa mkononi.

Kuna hii ya vidole vitatu kutoka mlimani. Lile shamba ni la shemeji yangu, na mwaka jana ndiye aliyenikopesha mbolea. Mmatengo, hizo ngoro mtu akitaka kujifunza anaanza mwezi gani?

Mmatengo

Mwezi wa tatu, mvua ikielekea mwisho na nyasi zikiwa ndefu. Njoo naye.