Simu inasema nyuzi 24 na jua, televisheni inasema nyuzi 9 ufukweni, siku ileile: tuamini upi?

Mama Furaha (Lewiston, Maine)

Ndugu zangu mnaoishi pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, nawasalimu. Mimi ni mama ninayeishi Lewiston, na huu ni mwaka wangu wa pili tangu nifike kutoka Bukavu. Jumamosi hii, ambayo ni katikati ya Mei, akina mama wa kanisa letu wamepanga kuwapeleka watoto wapatao 30 ufukweni Crescent Beach, kule Cape Elizabeth, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Watoto wamesubiri siku hii tangu theluji ilipoyeyuka.

Simu yangu inaonyesha alama ya jua na nyuzi 75 za Fahrenheit, ambazo ni kama 24 za Selsiasi. Jana usiku, hata hivyo, mtabiri wa televisheni alionyesha ramani ambayo Fryeburg, karibu na mpaka wa New Hampshire, ilikuwa na nyuzi 77, Lewiston 70, na ukanda wa pwani 48 tu, yaani kama 9 za Selsiasi. Alisema kwamba hewa baridi itaingia kwa mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa nimeshazoea kwamba baridi ya hapa hutoka magharibi na kwamba ikishapita, jua hutoka. Naomba anayefahamu anieleze hewa hiyo inatoka wapi, na inakuwaje miji ambayo mtu huendesha gari saa moja tu kutoka mmoja hadi mwingine itofautiane kiasi hicho. Zaidi ya yote, nataka kujua kama niwavalishe watoto fulana au makoti.

Mwalimu wa Jiografia (Worcester, Massachusetts)

Mama Furaha, hukukosea kuhusu magharibi. Mara nyingi hewa baridi hutufikia kutoka upande huo au kaskazini-magharibi, na upepo wake hutoka nchi kavu kuelekea baharini. Mvua ikishapita, anga husafika na pwani hupata jua sawa na bara. Hii ya Jumamosi, inayoingia kwa mlango wa nyuma, ni ya aina nyingine kabisa, na hutokea zaidi katika majira ya kuchipua.

Kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linalojengeka mashariki mwa Kanada. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, hewa huzunguka eneo la namna hiyo kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kwa hiyo sisi tulio kusini mwake tunapata upepo wa kaskazini-mashariki, ambao umepita juu ya Ghuba ya Maine kabla ya kutufikia. Maji huchelewa sana kupata joto kuliko ardhi. Nchi kavu ikiwa imeshafika nyuzi 25 za Selsiasi, bahari bado iko karibu na nyuzi 10 au chini ya hapo, na hewa inayokaa juu yake hupoa vivyo hivyo. Kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, haiisukumi hewa ya joto kwa mbele tu, bali hujipenyeza chini yake, kama maji ya mvua yanavyopita chini ya mlango uliofungwa. Huja pamoja na mawingu ya chini, ukungu na mara nyingine manyunyu.

Sasa jibu la swali lako la pili. Tabaka hilo la hewa baridi ni jembamba, mara nyingi mita mia chache tu kwenda juu, na vilima vya bara vinatosha kulichelewesha au kulizuia kabisa. Ndiyo maana Fryeburg huenda ikabaki na joto mchana kutwa huku Cape Elizabeth ikiwa ndani ya ukungu. Hata kompyuta za utabiri hupata taabu na tabaka jembamba kama hilo, hasa kukadiria litafika wapi na saa ngapi. Mpaka wa hewa hizo mbili ukikosewa kwa kilomita 30, mji mzima unaweza kukosewa kwa nyuzi 15.

Tafadhali zingatia pia jambo ambalo watu wengi hulipita. Namba moja inayoonyeshwa kwenye simu ni joto la juu kabisa la siku nzima. Lewiston inaweza kufikia nyuzi 70 za Fahrenheit saa nne asubuhi, mpaka wa hewa baridi ukapita saa sita, na saa tisa ikawa nyuzi 52. Utabiri wa 70 utakuwa umetimia, na watoto watakuwa wanatetemeka. Kwa siku kama hii usisome namba ya siku, soma utabiri wa saa kwa saa, na uangalie kwanza mwelekeo wa upepo. Kituo cha Gray cha Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, ambacho kinahudumia Lewiston na Portland zote mbili, huandika kila siku maelezo marefu yanayotungwa na watabiri wenyewe. Humo husema wazi pale ambapo hawana uhakika, jambo ambalo alama ya jua kwenye simu haiwezi kukuambia.

Baharia wa Lamu (Portland, Maine)

Mama, Mwalimu ameeleza vizuri. Mimi naongeza kwa upande wa bahari, kwa kuwa nimekulia majini na hapa nafanya kazi bandarini.

Kwetu Lamu upepo una msimu wake. Kusi akishika hukaa miezi, na kaskazi vivyo hivyo, na wazee walipanga safari za majahazi kwa kutegemea hilo. Nilipofika hapa ilinichukua muda kukubali kwamba upepo unaweza kugeuka ndani ya dakika kumi, kutoka kusini-magharibi wenye joto hadi mashariki wenye baridi, na usirudi tena siku hiyo. Ukiwa ufukweni utaona dalili kabla haujafika: upeo wa bahari hufifia, kisha ukuta wa ukungu hutokea kwa mbali, kisha unasikia harufu ya bahari kali kuliko kawaida. Ukiona hayo, waiteni watoto.

Kuna boya la kupimia hali ya bahari, namba 44007, lililo maili 12 za baharini kusini-mashariki mwa Portland. Vipimo vyake viko wazi kwa mtu yeyote kwenye intaneti, na hujumuisha upepo, joto la hewa na joto la maji. Mimi huliangalia kila asubuhi kabla ya utabiri wowote, kwa sababu utabiri ni makadirio, nalo boya limo majini.

Neno langu zito ni hili. Hata jua likiwaka Jumamosi nzima na hewa ya baridi isifike, watoto wasiingie majini. Mtoto anayetoka Bukavu, aliyezoea Ziwa Kivu, akiona jua na mawimbi madogo hawezi kukisia baridi iliyomo. Wanaofundisha uokoaji hutumia hesabu ya 1-10-1, yaani dakika moja, dakika kumi, saa moja: katika maji ya baridi kali, dakika moja ya kwanza mtu hutweta bila kujizuia na anaweza kuvuta maji kifuani, ndani ya dakika kumi mikono na miguu huanza kukosa nguvu, hata kama ni muogeleaji, na baada ya saa moja hivi hupoteza fahamu. Kinachoua mara nyingi ni hiyo dakika ya kwanza.

Baba Imani (Lewiston, Maine)

Kwa nini msihamishie safari Sebago? Hifadhi ya Ziwa Sebago iko bara zaidi, na kwa maelezo ya Mwalimu hewa baridi itachelewa kufika huko. Watoto wataogelea ziwani badala ya baharini.

Baharia wa Lamu (Portland, Maine)

Kaka, kuhamia Sebago ni wazo zuri kwa upande wa hewa, lakini si kwa kuogelea. Ziwa hilo ni lenye kina kirefu na mwezi wa Mei bado maji yake ni baridi sana. Wacheze mchangani na kwenye miti, na kama kuna atakayepanda mtumbwi, avae jaketi okozi na liwe limefungwa.

Mwalimu wa Jiografia (Worcester, Massachusetts)

Naunga mkono Sebago. Kwa wanaodhani tunazidisha, wakumbuke mbio za marathoni za Boston. Tarehe 16 Aprili 2012 Wesley Korir alishinda katika joto lililopita nyuzi 30 za Selsiasi. Tarehe hiyohiyo mwaka 2018 mbio zilikimbiwa katika mvua ya baridi, na kwa kuwa njia ya kutoka Hopkinton, mbio zinapoanzia, huelekea mashariki, upepo wa upande wa bahari uliwapiga wakimbiaji usoni. Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa akiongoza, lakini mwishoni alipitwa na Yuki Kawauchi wa Japani. Ni pwani ileile, tarehe ileile.

Mama Furaha (Lewiston, Maine)

Nimerudi kuwapa taarifa, kwa kuwa mlijitolea kunisaidia. Ijumaa jioni mwanangu mkubwa alinisomea maelezo ya kituo cha Gray, na watabiri waliandika kwamba hewa baridi ingefika Portland kabla ya adhuhuri, lakini hawakuwa na uhakika ingeingia bara kiasi gani. Tukaamua kwenda Sebago, na kila mtoto akabeba koti ijapokuwa asubuhi walilalamika.

Hadi saa nane mchana tulikuwa na jua na joto la kutosha kuvaa fulana. Dada mmoja aliyeko South Portland alinipigia simu saa tano na nusu akasema kwao ukungu umefunika barabara na amewasha joto la nyumba. Sisi tulifikiwa saa tisa kasoro dakika chache. Majani ya miti yaligeuka, upepo ukaja kutoka upande wa mashariki, na Baharia, nakuhakikishia kwamba nilisikia ile harufu ya bahari, nasi tuko mbali na bahari. Ndani ya nusu saa watoto wote walikuwa wamevaa makoti bila kuambiwa. Hakuna aliyeingia majini kupita vifundo vya miguu. Mtoto mmoja wa miaka saba aliniuliza upepo huo umetoka wapi, nikachora ramani mchangani kwa kijiti, nikamwonyesha Kanada, bahari na sisi.