Binti yangu anataka kusomea Kigiriki na Kilatini cha kale, nisaidieni mawazo

MamaSection58: Habari zenu wadau. Niko Nakuru, binti yangu alimaliza form four akapata B+, sasa nursing amekataa kabisa anasema anataka digrii ya fasihi ya Kigiriki cha kale na Kilatini, ameona iko chuo cha Legon kule Ghana na cha Ibadan kule Nigeria. Nikimuuliza atakula nini ananianzishia habari ya Achilles kumkasirikia Agamemnon kwenye utenzi wa Homer. Baba yake amenyamaza tu, na mimi namjua huyo mzee akinyamaza. Nifanyeje?

Kondele_Boy: Mama bila kukuficha, kama anawaza ualimu hapo atasota. TSC, ile tume ya walimu, wanataka masomo mawili ya sekondari, na C+ kwa kila moja KCSE ya form four, Kilatini utamfundisha nani? Achukue English na Literature hapo chuo cha Egerton, Homer atamsoma likizo.

ExSeminari_Kakamega: Mimi Kilatini nilikisoma seminari. Asidhani ni hadithi tu, mwanzo wote ni kukariri. Angalia hii, puella canem videt, msichana anamwona mbwa. Geuza, canem puella videt, bado ni msichana anamwona mbwa, juu ile m ya mwisho ndio inaonyesha nani ameonwa. Sisi ngeli zetu tunazibeba mbele ya neno, wao mzigo wote uko nyuma, na kila nomino ina hali sita, yaani miisho kulingana na kazi yake kwenye sentensi, umoja na wingi. Kigiriki sasa ndio balaa, vitenzi vyake wacha tu. Kabla hujauza kitu aingie tovuti ya Perseus, ni ya chuo cha Tufts huko Marekani, iko bure, unabonyeza neno linakuambia ni umbo gani. Akivumilia huko miezi kadhaa ujue si mchezo.

Nyar_Siaya: Mnamcheka mtoto bure. Ola Rotimi wa Nigeria alichukua Oedipus, mchezo wa Mgiriki Sophocles, akamleta kwa Wayoruba na mchezo ukasimama vizuri sana. Na Antigone je, mchezo mwingine wa Sophocles? Mfalme amekataza kaka ya Antigone asizikwe, Antigone mwenyewe anaenda kumfunika na mchanga akijua atauawa. Hiyo simulia matangani popote huku kwetu uone kama kuna mtu atauliza ni ya Wagiriki. Kesi ya kumzika wakili S.M. Otieno 1987, mjane na ukoo wakigombania azikwe wapi, si nchi nzima ilikuwa inaifuata? Mimi ningemwacha, lakini aunganishe na kitu kingine, hata historia.

Kondele_Boy: Nyar Siaya, Antigone halipi rent 😂

MamaSection58: Asanteni nyote. Nimemwonyesha hiyo ya puella akacheka, eti hapo alishapita kitambo, kumbe amekuwa akijifunza na simu yangu na mimi nikidhani bando inaliwa na TikTok. Sijakubali bado. Kuna mzazi hapa ana mtoto Legon? Fee nimeona, nataka kujua nauli, hosteli na chakula inaenda aje, na kama wanarudi nyumbani kila likizo ama wanabaki huko.