Meja, maina, konsentresheni: nifafanulieni kabla sijalipa

MwanaSabaki
Salaam aleikum. Nafanya kazi mapokezi, hoteli moja hapa Malindi, mwaka wa sita sasa. Nina diploma ya hoteli na utalii. Nimekubaliwa kusoma digrii ya biashara mtandaoni, chuo cha Marekani, krediti 120 (vipimo vya masomo ya kumaliza). Fomu inataka nichague meja, konsentresheni na, nikipenda, maina. Mimi meja ninayemjua ni yule wa jeshi.

Jamaa wa udahili kila usiku ananipigia WhatsApp: chukua konsentresheni mbili, ya hoteli na ya masoko, tena na maina ya Kiitaliano, ndiyo cheti kijae. Kiitaliano chenyewe nimekiokota ufukweni tangu mdogo. Ada mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Bin_Maweni
Kijae nini, gunia? 😂 Huyo anahesabu kamisheni.

Mwalimu_Ganda
Dada, chukua kalamu. Zile 120 ni mafungu matatu: masomo ya jumla (uandishi, hesabu, sayansi kidogo), meja, na masomo ya hiari. Meja ndiyo fani yenyewe, mara nyingi krediti 30 hadi 60. Konsentresheni ni tawi la hiyo hiyo meja: krediti kama 12 au 18 unazielekeza kwenye hoteli badala ya kudonoa huku na huku. Moja kwa kawaida hairefushi safari. Ya pili ndiyo huanza kurefusha.

Maina ni somo la pembeni, krediti 15 hadi 18 hivi, na hukaa kwenye fungu la hiari. Ndiyo maana wengi huiona ya bure, hizo krediti wangezisoma tu.

Sasa wewe una diploma. Chuo kikikuhamishia krediti zake, nyingi huangukia hapo hapo kwenye hiari. Fungu likishajaa, maina inapanda juu ya 120 na unailipia yote. Tuseme krediti moja ni dola 300: 18 ni dola 5,400. Kwa lugha ambayo wageni unawapokea nayo kila siku!

Kaka_Langoni
Niko Lamu, nilipita njia hiyo. Cheti changu kimetaja digrii na meja, basi. Maina iko kwenye transkripti, ile karatasi ya masomo na alama, kamstari kamoja chini kabisa. Siku ya usaili nilimwonyesha bosi kwa kidole, akasema "ahaa", akafunua ukurasa.

Kabla ya hayo yote, hakikisha chuo kina ithibati huko kwao. Ukirudi na karatasi, CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, ndio wa kuitambua hapa Kenya, na chuo kisicho na ithibati hakiokolewi na maina kumi.

Ukhti_Shella
Na akitaka kuja kufundisha? Si maina itakuwa somo la pili?

Mwalimu_Ganda
Hapo wengi wameumia. TSC, tume ya kuajiri walimu, kwa sekondari wanataka masomo mawili ya kufundishia, C+ ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) katika kila moja, na kozi zisizopungua nane za kila somo chuoni. Maina ya krediti 18, kozi moja krediti tatu, ni kozi sita. Haifiki, na bado utadaiwa mafunzo ya ualimu.

Bin_Maweni
Kiitaliano akafanyie mtihani wa CILS, ule wa lugha kwa wageni, wa Chuo cha Wageni cha Siena, Italia. Cheti chake kinasimama chenyewe.

MwanaSabaki
Nimerudi. Niliandikia ofisi ya masajili moja kwa moja, nikauliza swali moja tu: krediti za diploma yangu zinaangukia fungu gani? Wamejibu kwa barua pepe: wamekubali 27, na 24 kati yake ni za hiari. Kwa hivyo nimeandika meja ya biashara, konsentresheni moja ya hoteli, pale kwenye maina nimeacha wazi. CILS nitauliza.

Jamaa wa udahili nimemtumia picha ya hiyo barua. Tiki mbili za buluu tangu jana, kimya.